Vipande 300 vya udongo ukutani: nyufa, milipuko na tatizo la maua

Swali: "Nataka kutengeneza kazi ya ukutani ya udongo wa kuchoma, vipande kama 300, kila kimoja upana wa sentimita 10 hivi. Mawazo nayatoa kwenye matumbawe, kuvu na magome ya miti, lakini sitaki mtu aone tumbawe wala kuvu; nataka asimame tu ashangae. Nimefinyanga 40 vya kujaribia. Naanza na bamba la milimita 10, kisha nabinya kingo kwa vidole vilivyolowa hadi ziwe nyembamba kama kadi. Karibu nusu vimepasuka ukingoni wakati wa kukauka. Vitatu vimelipuka tanuruni na kuharibu vya jirani. Nimeambiwa ni hewa iliyobaki ndani ya udongo. Vilivyosalimika, kila anayeviona anasema ni maua mazuri. Na wapo wanaonishauri nivibandike ukutani kwa gundi tu, basi. Nifanyeje?"

Nitaanza na maua, ingawa najua kinachokuuma zaidi ni vile vilivyolipuka. Umbo utakalochagua ndilo litakaloamua unene wa kipande, unene utaamua kinavyokauka, na ukaukaji utaamua kama kitatoka tanuruni kizima.

Wanaosema ni maua hawakosei. Duara lenye kitovu katikati na kingo zinazopinda sawasawa pande zote ni umbo ambalo jicho lina jina lake tayari, na jicho likishapata jina huacha kutazama. Mshangao unaoutafuta unakaa kwenye ule muda kabla jina halijapatikana. Wengi hudhani njia ya kufika huko ni kuvuruga umbo mpaka lisifanane na chochote. Ukifanya hivyo utapata madonge, na madonge nayo yana jina. Kinachofaa ni kuchukua kanuni ambayo kwayo kitu hukua, ukaiacha sura yake. Usijiulize tumbawe likoje, jiulize linakuaje.

Mawimbi yako ya ukingoni ni mfano mzuri. Katika baadhi ya mwani na majani, ukingo hukua haraka kuliko sehemu ya kati. Duara la sentimita 10 lina mzingo wa sentimita 31 na kidogo. Ukiurefusha ukingo peke yake hadi 40, katikati pakabaki vile vile, zile sentimita 9 za ziada hazina pa kwenda ila kupanda na kushuka. Wimbi linajitengeneza. Kwa hiyo usiyachonge mawimbi na usiyapange idadi. Kata duara la unene wa milimita 6, binya ukingo ukizunguka mara nne, kila mzunguko ukipunguza kama nusu milimita, uishie milimita 4. Udongo wenyewe utaamua upinde wapi. Mawimbi yanayokuja kwa njia hii hayalingani, na hapo ndipo kipande kinapoonekana kuwa na uhai.

Kisha liondoe ua. Binya theluthi mbili tu za mzingo, ile theluthi nyingine iache nene kama ilivyo. Kipande kitapata upande wa kuelekea na kitovu kitapotea. Au achana na duara kabisa: kata utepe wa sentimita 20 kwa 4, ubinye upande mmoja mrefu, na utaona unaanza kujizungusha bila kulazimishwa. Ukichanganya aina hizi mbili, mtu ataona kwamba kuna kanuni moja inayofanya kazi kote, asiweze kusema ni ya mmea gani. Rangi ya waridi na kijani ziweke mbali kwa sasa, maana zitarudisha bustani.

Kanuni ya pili ni ya mpangilio. Mimea mingi hutoa kila chipukizi jipya likiwa limepishana na lililotangulia kwa nyuzi 137.5 hivi, na kwa pembe hiyo hakuna kinachofunika kingine wala nafasi inayopotea. Unaweza kuitumia moja kwa moja kutafuta mahali pa kutoboa ubao. Kwa kipande namba n, pembe ni n mara 137.5, na umbali kutoka kitovuni ni sentimita 6.5 mara kipeuo cha pili cha n. Namba 1 kitakaa sentimita 6.5 kutoka kitovuni, namba 4 sentimita 13, namba 100 sentimita 65. Kile 6.5 kimetokana na upana wa vipande vyako: chukua nafasi unayotaka kati ya vitovu vya vipande jirani, kwako tuseme sentimita 11, uzidishe kwa 0.59. Kila kipande kitamiliki takriban sentimita 133 za mraba, kwa hiyo ubao wa mita 2.4 kwa 1.6 utabeba vipande kama 290.

Lakini kanuni hii ukiiweka katikati ya ubao utapata alizeti kubwa, na umerudi kwenye maua. Kisogeze kitovu pembeni, kwa mfano sentimita 40 kutoka chini na 40 kutoka kushoto. Hapo itabidi upige hesabu hadi namba 1,290 hivi ndipo uifikie kona ya mbali, kisha ubakize tu alama zinazoangukia ndani ya ubao. Programu yoyote ya majedwali itafanya hivyo kwa dakika chache. Sehemu moja acha wazi kabisa, kama alama 15 zilizokaa pamoja. Utupu wenye mipaka huvuta jicho kuliko kipande chochote utakachofinyanga.

Wingi nao una nguvu yake, ila si kwa kurudia kitu kile kile. Mchongaji wa Uingereza Antony Gormley, katika kazi yake ya Field for the British Isles ya mwaka 1993, alitumia vinyago vya udongo kama 40,000 vilivyofinyangwa na watu wengi wa kawaida. Masharti yalikuwa machache: kiingie mkononi, kisimame, kiwe na matundu mawili ya macho. Yaliyobaki yalikuwa ya mkono wa kila mtu, na ndiyo maana hakuna vinyago viwili vilivyofanana. Jiwekee masharti matatu ya namna hiyo, uyaandike ukutani mbele ya meza yako, na usirekebishe kipande ambacho hakijayavunja.

Sasa nyufa. Udongo laini hubeba maji yanayokaribia robo ya uzito wake. Yanapotoka, chembe husogeleana na kipande husinyaa asilimia 5 hadi 8 kabla hata ya kuona moto. Ukingo wako mwembamba kama kadi unakauka kwa saa chache. Sehemu ya kati yenye milimita 10 inataka siku kadhaa. Ukingo ukishataka kusinyaa, katikati bado imejaa maji na haisogei. Matokeo yake ukingo unavutwa, na udongo mbichi hauna nguvu ya kuhimili kuvutwa. Utazame ufa wenyewe: kama ni mpana ukingoni na unazidi kuwa mwembamba kuelekea katikati, chanzo ni hiki. Vile vidole vilivyolowa vinaongeza tatizo, kwa sababu maji huingia kwenye vipasuko vidogo vya kubinya, na vipasuko hivyo hufunguka baadaye. Tumia vidole vikavu au vyenye unyevu kidogo tu, na ukimaliza pitisha ukanda wa plastiki laini juu ya ukingo, mbele na nyuma mara kadhaa, ili uukaze.

Ndiyo sababu nimekuandikia milimita 6 kushuka hadi 4. Tofauti ya mara moja na nusu inavumilika. Yako ilikuwa ya mara nyingi zaidi. Siku mbili za mwanzo funika kipande kizima kwa nailoni iliyolegea. Siku tatu zinazofuata acha katikati wazi, ukingo uuvike vipande vyembamba vya nailoni. Udongo ukifikia ugumu wa ngozi, yaani unabebeka bila kupinda lakini bado ni wa baridi, kigeuze. Kwa jumla hesabu siku 7 hadi 10. Chini yake tandika gazeti ili kipande kikisinyaa kiteleze. Kikishikamana na ubao kitapasuka hata kama unene ni sawa. Jua na feni ni maadui hapa.

Udongo wenyewe unaweza kuusaidia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchanganya vigae vilivyosagwa, asilimia 20 hadi 25 ya uzito, chembe zisizozidi nusu milimita kwa kingo nyembamba kama zako. Kigae kimeshachomwa, hakisinyai tena, na kinaacha vijia vya maji kutokea. Gharama yake ni kwamba udongo unakuwa mkavu mkononi na kupinda kwake kunapungua. Njia ya pili ni rojo la karatasi: loweka karatasi ya chooni, ivuruge hadi iwe uji, ikamue, uichanganye kwenye uji wa udongo kwa sehemu 1 ya karatasi kwa 5 ya udongo kwa ujazo, kisha uimwage juu ya bamba la plasta hadi ukazike. Nyuzi za karatasi zinashikilia ukingo wakati wa kukauka, na unaweza hata kuunga kipande kikavu kwa kibichi. Ila mchanganyiko huo huoza na kunuka, kwa hiyo utumie ndani ya wiki moja au mbili. Huo moshi wake katika uchomaji wa kwanza nao si wa kuvumilia ndani ya chumba. Tanuru liwe na njia ya kutoa hewa nje. Baada ya moto, kipande huwa chepesi na dhaifu kidogo. Kwa kazi ya ukutani isiyoguswa, mimi ningechagua karatasi.

Hewa haikulipua vipande vyako. Hewa ikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 600 za Selsiasi hutanuka kama mara tatu tu, tena polepole, na udongo ambao haujaiva umejaa vitundu vya kuipitisha. Maji ndiyo hatari. Yakivuka nyuzi 100 hugeuka mvuke unaohitaji nafasi zaidi ya mara 1,600, na kama unazaliwa haraka kuliko unavyoweza kutoka, unang'oa udongo. Tazama vilivyoharibika: kovu la duara lililobonyea kama kisahani, kwenye sehemu nene, ni la mvuke. Lawama ya hewa ilitokana na kwamba penye uwazi wa ndani mara nyingi unyevu hujificha. Kwa hiyo umbo lenye uwazi uliofungwa litoboe tundu la sindano, lakini usipoteze wiki nzima ukiwinda mapovu.

Kipande kinachoonekana kikavu bado kina unyevu. Kiweke shavuni, kikiwa cha baridi, bado. Ukikipanga tanuruni, panda hadi nyuzi 80 au 90 na ukae hapo saa 4 hadi 6, tundu la juu likiwa wazi. Shikilia kioo kidogo mbele ya tundu la kuchungulia kwa sekunde chache: kikipata ukungu, subiri zaidi. Kioo kikibaki kikavu, panda nyuzi 60 kwa saa hadi 200, kisha 100 kwa saa hadi 600. Katika safari hiyo yanatoka maji mengine yaliyofungwa ndani ya madini ya udongo, kati ya nyuzi 350 na 600 hivi, na kwenye 573 chembe za kwatzi, yale madini ya mchanga, hutanuka ghafla. Kutoka 600 hadi 1,000 unaweza kwenda nyuzi 150 kwa saa. Wakati wa kupoa tanuru lisifunguliwe kabla ya kushuka chini ya 100, maana kwatzi ile ile inasinyaa inaporudi.

Kuna mlipuko mwingine unaochelewa. Kama umechimba udongo mwenyewe na siku au wiki baada ya kuchoma kipande kinabanduka kigamba, na katikati ya kovu pana punje nyeupe, hiyo ni chokaa. Moto umeigeuza, sasa inafyonza unyevu wa hewani na kuvimba. Dondoshea siki juu ya udongo mkavu. Ukitoa povu, ulainishe uwe uji na uupitishe kwenye chujio laini kabla ya kutumia.

Moto mkali zaidi si lazima uwe bora kwako. Watu hukimbilia nyuzi 1,220 na kuendelea kwa sababu ni joto la vyombo vigumu. Kazi ya ndani ya nyumba, isiyoshika maji wala chakula, inatosheka na 1,000 hadi 1,100, na faida yake ni kwamba kingo zako hazitalegea na kuinama. Juu zaidi, mbawa za milimita 4 huanguka kwa uzito wao wenyewe na utahitaji kuzitegemeza. Ukingo wa kipande kilichochomwa chini utavunjika upesi zaidi ukigongwa. Kama kazi itakaa mahali watoto wanapita, hilo lipime upya. Kazi ya nje penye baridi ya kugandisha maji ni habari nyingine, huko udongo lazima uive kabisa.

Kuhusu rangi nitasema kidogo tu. Glezi, ule utando wa kioo, ukiipaka kote itang'aa na kufuta vivuli, na vivuli ndivyo vinavyofanya kazi yako ionekane. Bora uji wa udongo mweupe uliogawanywa ndoo tano, wenye oksidi nyekundu ya chuma asilimia 0, 1, 2, 4 na 8 ya uzito mkavu, ukipakwa kwenye ugumu wa ngozi. Rangi itasafiri kutoka weupe hadi kahawia bila wewe kuchora chochote. Taa iweke juu, karibu na ukuta, imulike kwa kuteleza.

Kabla ya kufinyanga vyote, choma 12: sita vya vigae, sita vya karatasi. Kwenye kimoja cha kila aina chora mstari wa sentimita 10 kikiwa kibichi, uupime kikikauka na tena kikitoka motoni. Kama umebaki sentimita 9, udongo wako husinyaa asilimia 10, na kipande cha sentimita 10 lazima ukikate cha 11.1. Ukiridhika, tengeneza 340 ili upate 290. Vingine vitavunjika kwenye gari.

Sasa gundi. Silikoni juu ya mgongo wa kipande usio na glezi, uliosafishwa vumbi, inashika vizuri, na kwa sababu inabaki na unyumbufu huvumilia mbao zinapovimba na kunywea. Kasoro zake ni mbili: inashika tu kile ilichogusa, kwa hiyo ikibandikwa kwenye rangi ya ukuta kipande kitaanguka pamoja na ganda la rangi, na kipande kikivunjika huwezi kukibadilisha bila kubomoa. Kupitisha skrubu katikati ya kipande ni imara lakini kauri haipendi kubanwa. Zungusho moja la ziada la bisibisi linaipasua. Waya uliozikwa ndani ya udongo unafaa ukiwa wa nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromu unaostahimili moto. Shaba huyeyuka kwenye 1,085, na waya wa kawaida wa chuma huungua na kubanduka magamba.

Njia ninayoipendekeza ni kikonyo. Nyuma ya kila kipande unga mrija wa udongo wenye kipenyo cha milimita 20 na tundu la milimita 7, vyote viwili vikiwa kwenye ugumu wa ngozi, vimekwaruzwa na kupakwa uji wa udongo ule ule. Urefu ubadilishe: sentimita 2, 4 na 6, ili vipande vingine vitokeze zaidi na kivuli kipate kina. Baada ya moto tundu litakuwa na milimita 6.3. Ingiza fimbo yenye hesi ya milimita 4, ya chuma kisichoshika kutu, uijaze gundi ya epoksi pembeni, uisimamishe wima usiku mzima. Fimbo inapita kwenye plaiwudi ya milimita 18 na kukazwa kwa nati nyuma. Mbele tia washa ya mpira, na kaza kwa vidole tu. Kipande kikivunjika, unakifungua na kuweka kingine. Usiwashe taa yenye joto kali karibu nacho, kwani epoksi hulainika ikipashwa.

Ubao ugawe sita, sentimita 80 kwa 80. Kipande kimoja na kikonyo chake kinakaribia gramu 200, ubao mmoja hubeba kama 48, na plaiwudi yenyewe ni karibu kilo 7. Hiyo ni kilo 16 au 17 kwa ubao, kazi nzima kilo 100. Kila ubao utundike kwa mbao mbili zilizokatwa nyuzi 45, moja nyuma ya ubao, nyingine ukutani, zinazoshikana kwa kukaliana. Ile ya ukutani ipimwe kwa pimamaji.

Jambo ambalo watu hulipuuza ni vumbi. Udongo mkavu una silika laini inayokaa mapafuni isitoke. Usipige msasa kipande kikavu. Futa kwa sponji yenye unyevu. Usifagie karakana, pangusa kwa maji. Ikibidi kusaga vigae au kupima oksidi, vaa barakoa ya chembe, ile inayobana uso. Mwaka 2010 mbegu za kauri milioni 100 za msanii wa Uchina Ai Weiwei zilitandazwa katika jumba la sanaa la Tate Modern, London, ili watu watembee juu yake; baada ya siku chache tu zilizungushiwa uzio, kwa sababu nyayo zilikuwa zinatimua vumbi. Ukiwa na kikohozi kisichoisha au pumzi fupi, nenda kwa daktari na umwambie waziwazi kwamba unafanya kazi na udongo.

Yapo mambo mengine ambayo maelezo ya maandishi hayatoshi. Waya za umeme za tanuru zikaguliwe na fundi umeme aliyefika na kuliona tanuru lenyewe. Na kilo 100 juu ya ukuta wa bodi jepesi, au kazi yoyote itakayoning'inia juu ya vichwa vya watu, mwite mhandisi wa majengo kabla hujatoboa tundu la kwanza. Mpe uzito wa kila ubao, umbali wa kitu cha mbali zaidi kutoka ukutani, yaani sentimita 12 hivi ukijumlisha kikonyo na kipande, na umuulize skrubu ziingie kwenye nini: tofali, zege au nguzo za mbao zilizo nyuma ya bodi. Jibu lake ndilo litakaloamua aina ya plagi za kushikilia skrubu ukutani na idadi yake.